Kitenzi “affect”: kikae wapi, kisikae wapi

Kila aliyekaa karibu na mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza kwenye Ziwa Victoria, anajua kwamba mwezi mpevu ukiwaka, dagaa hawapatikani. Taa za mtumbwi huvuta dagaa penye giza tu. Ziwa likishaangazwa na mbalamwezi, taa hazina kazi, na mitumbwi hulala ufukweni siku kadhaa hadi giza lirudi. Jambo hilo kwa Kiingereza lina sura mbili:

“The moon affects dagaa fishing.”
“The moon has an effect on dagaa fishing.”

Ya kwanza inasema mbalamwezi huathiri uvuvi wa dagaa. Ya pili inasema mbalamwezi ina athari kwa uvuvi wa dagaa. Maana ni ileile. Kilichobadilika ni herufi ya kwanza ya neno, pamoja na “has an” na kihusishi “on” vilivyojitokeza kwenye sentensi ya pili. Makosa mengi yanayoonekana kwenye ripoti za BMU (vikundi vya usimamizi wa uvuvi ufukweni), barua pepe za viwanda vya minofu, maandiko ya kuomba ufadhili na insha za kidato cha nne huanzia hapo: sura ya kwanza inaazimwa kipande, ya pili inaazimwa kipande, vinashonwa pamoja.

Kipimo cha Kiswahili

Wazungumzaji wazawa wa Kiingereza nao hukosea hapa, na hukosea sana, kwa sababu wanapotamka maneno haya irabu ya kwanza hulegea mpaka yanasikika kama neno moja. Anayeandika kwa kufuata sikio lake atapotea. Anayetoka kwenye Kiswahili ana bahati asiyoijua: lugha yake haimruhusu kuchanganya kitenzi na nomino. Kitenzi chetu hubeba viambishi vya nafsi, njeo (wakati) na yambwa (mtendwa), na nomino yetu hubeba ngeli. Hakuna anayesema “mvua iliathari”, wala “kuathiri za mvua”.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, iseme sentensi kwa Kiswahili, hata kimoyomoyo. Likitoka neno lenye umbo la “inaathiri”, “iliwaathiri”, “haitaathiri”, unachohitaji ni “affect”. Likitoka “athari” au “matokeo”, unahitaji “effect”. Likitoka “kuleta”, “kufanikisha” au “kutekeleza”, unahitaji “effect” kama kitenzi, na hilo tutalifikia.

Asili ya maneno nayo husaidia kukumbuka. Yote mawili yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini “facere”, yaani kufanya. La kwanza lilianza na “ad”, kuelekea. La pili na “ex”, kutoka. Kitendo kinachoelekezwa kwenye kitu ni “affect”. Kinachotoka baada ya kitendo ni “effect”. Sisi tulichukua “athari” kutoka Kiarabu, ambako “athar” ni alama inayobaki, kama nyayo kwenye mchanga. Na nyayo ni kitu, si kitendo.

Ukishaandika, tazama neno linalotangulia. Baada ya “the”, “an”, “any”, “no”, “its”, “this” au “what”, tegemea “effect”. Baada ya “will”, “can”, “may”, “did not” au “to”, tegemea “affect”. Kivumishi au kielezi kikiingia katikati kisikuvuruge: “a very serious effect”, “can very seriously affect”. Na ukiona umeandika “the affects of”, futa bila kuuliza. Programu ya kusahihisha tahajia mara nyingi haitakwambia kitu, kwa kuwa maneno yote mawili yapo kwenye kamusi.

“The fishermen have affected”

Hili ndilo kosa letu hasa, na vitabu vya sarufi vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wengine havilifikirii. Kiswahili kina kauli ya kutendeka. Tunasema “wavuvi wameathirika” bila kumtaja aliyewaathiri, na sentensi imekamilika. Mwandishi anatafsiri: “The fishermen have affected.” Mwalimu au mhariri anaweka alama nyekundu, na mwandishi haelewi kwa nini, maana amewahi kuandika sentensi za namna hiyohiyo zikapita:

“Bei imebadilika” ni “The price has changed.”
“Mtumbwi umezama” ni “The boat has sunk.”
“Samaki wameharibika” ni “The fish have spoiled.”

Zote ni sahihi, kwa sababu “change”, “sink” na “spoil” ni vitenzi vinavyoweza kufanya kazi mbili: kutenda na kutendeka. “Affect” hakimo kwenye kundi hilo. Hakisimami bila yambwa. Ukisema “The fishermen have affected”, msomaji anangoja kusikia wavuvi wameathiri nini, na sentensi inamwacha njiani. “Kuathirika” na “kuathiriwa” kwa Kiingereza ni kitu kimoja, na lazima “be” iingie: “The fishermen have been affected.” Anayetaka kumtaja mtenda anaongeza “by”: “have been affected by the storm”. Si “with the storm”, wala “from the storm”.

Kuna mtego mwingine uleule ukiwa umevaa nguo nyingine. “The fishermen affected by the storm” ni maneno sahihi kabisa, lakini si sentensi. Ni “wavuvi walioathiriwa na dhoruba”, na bado tunangoja kuambiwa wamefanya nini au wamepewa nini. “The fishermen affected by the storm received new nets” imekamilika. Ukiwa na shaka, rudi kwenye Kiswahili: kama tafsiri yako ina “-o-” ya urejeshi ndani ya kitenzi, walioathiriwa, yaliyoathirika, bado unadaiwa kitenzi kikuu.

Kihusishi kisichoalikwa

“Affect” hushika yambwa yake mkono kwa mkono. “The ban affected the factories.” Usiandike “affected on the factories”, wala “affected to the factories”. Hiyo “on” ni mali ya “effect”: “had an effect on the factories”. Na “affect to” ipo katika Kiingereza, ila maana yake ni kujifanya: “He affected not to hear” ni kusema alijifanya hasikii. Mtu akiandika “The rain affected to the dagaa”, msomaji makini atasita kidogo akijiuliza mvua ilijifanya nini.

Kiambishi cha yambwa pia huleta shida. “Imewaathiri wavuvi” ina “wa” ndani ya kitenzi na “wavuvi” nje yake, na Kiswahili kinapenda hivyo. Kiingereza kinataka kimoja tu: “has affected them” au “has affected the fishermen”. Vilevile “kwa kiasi kikubwa” isitafsiriwe neno kwa neno. Kiingereza hutumia kielezi kifupi karibu na kitenzi: “greatly affected”, “badly affected”, “severely affected”. Katika ripoti rasmi utakutana sana na “adversely affected”, yaani kuathiriwa vibaya.

Mfano mmoja unaweza kubeba sura zote. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia kwenye soko lake, kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Sentensi zinaweza kwenda hivi:

“The ban affected exports from Kenya, Uganda and Tanzania.” Kitenzi, yambwa moja kwa moja.
“Exports were badly affected by the ban.” Kutendwa, na “by”.
“The ban had a serious effect on exports.” Nomino, na “on”.
“The ban took effect in 1999.” Msemo: ulianza kutumika.
“The three countries had to effect changes in fish inspection.” Kitenzi kingine: walilazimika kufanya mabadiliko.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayowatia watu hofu. “To effect” ni kuleta jambo likatokea. Lina marafiki wachache: “effect a change”, “effect repairs”, na katika barua za benki na za ofisi, “effect payment”. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. “To affect a change” ni kugusa badiliko ambalo tayari lipo. “To effect a change” ni kulileta badiliko lenyewe. Ukikwepa kitenzi hiki ukaandika “make” au “carry out”, hakuna atakayekulaumu, na mara nyingi sentensi itakuwa nyepesi zaidi. “Make the payment” inatosha.

Msemo mwingine wa ofisini ni “with effect from”. Tangazo linasema “with effect from 1 July”, siku ambayo mwaka wa fedha wa serikali huanza, na maana yake ni “kuanzia tarehe 1 Julai”. Hakuna athari yoyote hapo, na tafsiri ya “kwa athari ya kuanzia” ni ya kuchekesha. Ni vivyo hivyo kwa “come into effect”, kuanza kutumika. “In effect” nayo, kutegemea mahali, ni “kimsingi” au “inayotumika sasa”. Na “personal effects”, vitu binafsi vya mtu, kama mizigo ya abiria wa meli. Misemo hii ijifunze ikiwa mizima.

Kuathirika na kuambukizwa

Hapa kosa la lugha linaweza kumuumiza mtu. Kwa miaka mingi mtaani “ameathirika” imekuwa na maana moja tu: ana virusi vya UKIMWI. Mtafsiri akileta maana hiyo kwenye Kiingereza kama “He is affected”, msomaji wa Kiingereza haelewi hivyo. Aliye na virusi au vimelea mwilini ni “infected”. Aliyeguswa na ugonjwa ni “affected”. Mjane, yatima, mwajiri, kijiji kizima wanaweza kuwa “affected by HIV” bila mmoja wao kuwa “infected”. Ndiyo maana ripoti za afya hutaja makundi yote mawili, “people infected with and affected by HIV”, na mtafsiri mvivu akiyaunganisha yote kuwa “waathirika” amefuta nusu ya maana. Kwa walio na virusi, Kiswahili cha sasa cha huduma ni “watu wanaoishi na VVU”.

Angalia pia vihusishi: “infected with”, “affected by”.

Kichocho kinaonyesha tofauti hiyo vizuri, na pwani ya ziwa inakijua. Mtoto anayeoga ziwani penye konokono wanaobeba vimelea anaweza kuwa “infected with bilharzia”. Ugonjwa wenyewe “affects the liver and the intestines”. Dawa yake, praziquantel, inaweza kuwa na “side effects” kama kichefuchefu na kizunguzungu. Manesi wetu wana maneno mazuri kuliko “athari za pembeni”: wao husema “maudhi madogo madogo”. Yatumie kwa yale ya kupita. Dawa ikileta jambo zito, sema “madhara”.

“Influence” na “impact”

“Influence” hukaa karibu na “affect” lakini haiwezi kuchukua kiti chake kila mara. Ina harufu ya ushawishi: inagusa mawazo, uamuzi, mwenendo. “Buyers influence the price of fish maws” ni kusema wanunuzi wana nguvu ya kuivuta bei ya mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) huku au kule. “The storm influenced our boat” inachekesha, kana kwamba dhoruba ilikaa na mtumbwi ikaubembeleza. Dhoruba “affects”, au bora zaidi, “damages”.

“Impact” kama nomino haina ugomvi: “the impact on the lake”. Kama kitenzi, “impacted the lake”, imeenea sana kwenye maandiko ya miradi, lakini wahariri wengi bado wanaichukia. Kwa ripoti ya kawaida “affect” ni salama zaidi.

Lakini “affect” yenyewe ina udhaifu: haisemi jambo limekwenda upande gani. “The moon affects the catch” haielezi kama dagaa wameongezeka au wamepungua. Kama unajua, sema. “Reduces the catch” ina uzito kuliko “affects the catch”, na katika majibu ya mtihani wa sayansi au jiografia ndiyo yenye maarifa ndani yake. “Affect” itumie pale ambapo kweli hujui upande, au unapouliza swali: “How does the moon affect the catch?”

Kurudi upande wa Kiswahili

Anayetafsiri kutoka Kiingereza ana ugonjwa wa kinyume. Kila akiona “affect” anaandika “athiri”, na taarifa nzima inajaa kuathiri na kuathirika mpaka msomaji haoni kilichotokea. Kiswahili kina vitenzi vyenye picha, vitafute. Mvua ikiwakuta dagaa wameanikwa mchangani, “Rain affected the dagaa” maana yake mvua imewaharibu dagaa, wameoza au wamebadilika rangi, na sasa wanakwenda kuwa chakula cha kuku badala ya mboga. Magugu maji yakiziba ghuba, usiseme yameathiri usafiri, sema yamekwamisha mitumbwi. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda sana, “affected households” zilikuwa kaya zilizoingiliwa na maji au zilizohama. Habari ikiwagusa watu moyoni, “deeply affected” ni “iliwagusa sana” au “iliwaingia”. “Kaya kadhaa zimeathirika” mwachie yule asiyefika eneo la tukio.

Ndugu wa mbali

Kuna “affect” ya kujifanya, tuliyoiona kwenye “affected not to hear”. Kijana aliyekaa Dar miezi mitatu akarudi Mwanza na lafudhi mpya, Kiingereza kitasema “he affects a Dar accent”. Kutoka hapo kinapatikana kivumishi “affected”, mwenye madoido ya kujitia, na kinyume chake “unaffected”, asiye na makuu. Mwaka mzima unaweza kupita bila kuihitaji, lakini ukikutana nayo kwenye riwaya usiitafsiri “aliyeathirika”.

“Affection” ni upendo, mapenzi ya kifamilia. Si nomino ya “affect”. Nomino ya “affect” kwa matumizi ya kila siku ni “effect”. Wataalamu wa saikolojia wana nomino yao “affect”, yenye maana ya hisia zinavyojionyesha kwa mtu, nayo hutamkwa kwa mkazo kwenye silabi ya kwanza.

Matamshi hayo ni muhimu kwetu. Kitenzi “affect” na nomino “effect” vyote vina mkazo kwenye silabi ya pili: a-FEKT, i-FEKT. Mazoea yetu ya kuweka mkazo silabi moja kabla ya mwisho hutufanya tuseme A-fekt, na hapo bila kujua tumelitaja neno la wanasaikolojia. Weka nguvu kwenye “fekt”, na hiyo “a” ya mwanzo ipitie haraka. Kama mazingira yanahitaji tofauti isikike wazi, kwa mfano unaposoma taarifa redioni, hakuna ubaya kuikaza kidogo “i” ya “effect”.

Jipime

Jaza nafasi kabla ya kusoma majibu.

1. “The heavy rain ____ the drying of dagaa at Igombe.”
2. “What ____ did the high water of 2020 have on the landing sites?”
3. “Traders in Sengerema ____ the closure of the road.”
4. “The new licence fees come into ____ on 1 July.”
5. “The committee hopes to ____ a change in the way nets are inspected.”
6. “The ____ families moved to higher ground.”
7. “Dirty ice ____ the smell of the fish, and that has an ____ on the price.”

Ya kwanza ni “affected”: mvua iliathiri, na yambwa ipo mbele yake. Ya pili ni “effect”, imetanguliwa na “what” na inafuatwa na “on”. Ya tatu inahitaji maneno matatu, “were affected by”, na aliyeandika “affected” peke yake amesema wafanyabiashara ndio walioathiri kufungwa kwa barabara. Ya nne ni msemo, “come into effect”. Ya tano ni “effect” kitenzi, kwa sababu kamati inataka kuleta badiliko ambalo bado halipo. Anayeogopa kukosea aandike “make a change”. Ya sita ni “affected”, familia zilizoathiriwa. Ya saba inataka “affects” kisha “effect”: ile “s” ya kwanza ni ya kitenzi cha nafsi ya tatu umoja kwa kuwa “ice” haihesabiki, wala si wingi wa kitu. Na kwa Kiswahili, sentensi hiyo ya saba usiipe “kuathiri” hata moja: barafu chafu huwanukisha samaki, na bei hushuka.